Miti nayo hunywa maji: Somo la mabonde mawili ya Mbeya kwa mpanda miti na mwenye kinyungu

INAPOFIKA Septemba katika vijiji vingi vya Mufindi, Kilolo, Njombe na Mbeya Vijijini, mvua imekatika tangu Mei na mahindi yameshaingia ghalani. Fedha inayozunguka nyumbani kwa miezi hiyo hutoka bondeni, kwenye vinyungu.

Kinyungu ni kipande cha shamba kinacholimwa kwenye bonde lenye unyevu wakati wa kiangazi. Ndiko yanakotoka mahindi mabichi, maharage, viazi, nyanya na mboga za majani zinazofika kwenye masoko ya Makambako, Mafinga, Iringa na Mbeya wakati bidhaa ni chache na bei iko juu. Kwa familia nyingi, ada ya shule ya Januari hutoka hapo.

Juu ya bonde hilohilo, kwenye mlima, kuna biashara nyingine. Ni misindano na mikaratusi. Mbao na nguzo za umeme zimegeuza milima ambayo zamani ilikuwa ya malisho na nyasi za kuezekea kuwa mashamba ya miti ya watu binafsi. Mtumishi wa mjini hununua ekari kadhaa na kumwajiri kijana wa kijijini kuzipalilia na kuzilinda moto. Mkulima mwenyewe hupanda nusu ekari kama akiba ya uzeeni.

Biashara hizi mbili hutegemea maji yaleyale. Swali ambalo kila mwenye jembe na kila mwenye mche wa miti anapaswa kujiuliza ni hili: mlima ukijaa miti, maji ya bondeni yanaongezeka au yanapungua?

Jibu linalosikika kwenye mikutano mingi ya vijiji ni moja tu, kwamba panda miti upate maji. Jibu la vipimo haliko rahisi kiasi hicho. Na vipimo vyenyewe vilifanyika hapahapa Mbeya, zaidi ya nusu karne iliyopita.

Mabonde mawili, mvua moja

Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa kifupi kama EAAFRO, walichagua mabonde mawili madogo kwenye safu ya milima ya Mbeya. Makao makuu ya shirika hilo yalikuwa Muguga, karibu na Nairobi, na aliyeongoza kazi hiyo katika miaka ya mwanzo alikuwa mtaalamu wa udongo na maji, H.C. Pereira.

Mabonde hayo yalikuwa karibu, yakipata mvua inayolingana, na udongo wake ulikuwa wa aina moja, ule mwepesi unaotokana na majivu ya volkeno. Tofauti ilikuwa moja. Bonde la kwanza lilikuwa na msitu wa asili ambao haujaguswa. La pili lilikuwa limefyekwa na kulimwa na wakulima wadogo kwenye miteremko mikali.

Hofu ya wakati huo ilikuwa ileile ya leo. Maofisa wengi waliamini kwamba kilimo cha mlimani kinakausha mito, na kwamba dawa yake ni kuwaondoa wakulima. Watafiti hawakubishana nao kwa maneno. Walijenga kizuizi chenye mkato maalumu kwenye kila kijito, wakaweka kifaa cha kuandika kimo cha maji usiku na mchana, wakatawanya vipima mvua mlimani na kupima unyevu ulioko ardhini. Kazi hiyo iliendelea kwa takriban miaka kumi.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Bonde lililolimwa ndilo lililotoa maji mengi zaidi kwa mwaka. La kushangaza zaidi ni kwamba hata kiangazi, wakati mkulima anapoyahitaji maji kuliko wakati wowote, kijito cha mashamba kilitoa karibu mara mbili ya kile cha msituni.

Ripoti kamili ya mabonde ya Mbeya, pamoja na ya mengine ya Afrika Mashariki, ilichapishwa mwaka 1979 katika jarida la kilimo na misitu la kanda hii. Wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa imeshavunjika tangu mwaka 1977, na vipimo vya Mbeya vilikuwa vimesimama miaka mingi kabla ya wimbi la sasa la kupanda miti kuanza.

Daftari la mapato na matumizi

Ili kuelewa kilichotokea, mfanyabiashara mdogo hahitaji elimu ya chuo kikuu. Anahitaji daftari lake la dukani.

Mvua ni mapato. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya ekari moja ni takriban lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Mahali panapopata milimita 1,500 kwa mwaka, kila ekari hupokea lita zaidi ya milioni sita.

Matumizi ni ya aina mbili. Sehemu ya maji hurudi angani, ama kwa kukauka juu ya majani na ardhi, ama kwa kunywewa na mizizi na kutolewa na majani kama mvuke. Sehemu nyingine hutiririka hadi kwenye kijito, ama harakaharaka juu ya ardhi wakati mvua inanyesha, ama polepole kwa njia ya chini ya udongo.

Inayobaki ni akiba, na akiba hiyo hukaa kwenye udongo. Hiyo ndiyo inayolisha chemchemi mwezi Septemba na Oktoba, wakati mapato yamekoma kabisa.

Kwa daftari hilo, mti ni mteja mkubwa. Majani yake hukamata mvua na sehemu yake hukauka kabla haijagusa ardhi. Mizizi yake huenda chini sana na huendelea kuchota akiba wakati wa kiangazi. Mahindi huvunwa, mabua hukauka na shamba huacha kunywa. Msitu hauachi.

Jambo hili limeonekana pia kwenye zao lisilo la mbao. Utafiti wa umwagiliaji wa chai uliofanyika Ngwazi, wilayani Mufindi, kuanzia miaka ya 1980, ulionyesha kuwa mizizi ya chai iliyokomaa hushuka mita kadhaa ardhini. Ndiyo maana mchai mkubwa hustahimili miezi ya ukame ambayo mche mchanga hauwezi kuivuka bila kumwagiliwa.

Si ruhusa ya kufyeka

Hapa ndipo msomaji anapoweza kukosea. Anaweza kusema kwamba kama shamba linatoa maji mengi kuliko msitu, basi msitu na ufyekwe. Hilo silo somo la Mbeya.

Bonde la mashamba lilitoa maji mengi kiangazi kwa sababu udongo wake wa majivu ya volkeno ulimeza mvua. Hata kwenye mteremko mkali, matone yaliingia ardhini badala ya kukimbilia kijitoni. Akiba iliwekwa benki kwanza, na kwa kuwa hapakuwa na miti ya kuitoa, ilibaki kulisha kijito.

Udongo usiomeza maji hufanya kinyume. Shirika hilohilo lilipima mabonde ya Atumatak, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ambako mifugo ilikuwa imemaliza nyasi na ardhi kuwa ngumu. Huko mvua iligeuka mafuriko ya muda mfupi, kisha mto ukabaki mchanga mtupu. Eneo moja lilipofyekwa vichaka na kuondolewa mifugo hadi nyasi zikarudi, maji yaliyokimbia juu ya ardhi yalipungua.

Kericho, Kenya, ambako sehemu ya msitu iliondolewa na kupandwa chai, vipimo vilionyesha jambo la tatu. Wakati ardhi ilikuwa wazi, mvua kubwa zilileta mafuriko makali zaidi mtoni. Chai ilipofunika ardhi, na kwa kuwa mashamba yalikuwa na makingamaji na njia za maji zilizopangwa vizuri, mto ulitulia na matumizi ya maji yakakaribia yale ya msitu.

Kwa hiyo mambo mawili hushindana. Mti hunywa akiba, lakini msitu pia hulinda mlango wa benki, yaani uso wa udongo. Mkulima akiufyeka msitu na kuiacha ardhi ikawa ngumu kwa kukanyagwa, kuchomwa moto kila mwaka na kulimwa bila makinga, atapoteza zaidi ya alichookoa.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Katika msitu wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, Serikali ya nchi hiyo ilianzisha kituo cha kupima maji ya milimani mwaka 1955. Msitu huo ni wa miti migumu ya nchi za baridi, inayopukutisha majani kabla ya theluji. Kuanzia mwaka 1963, watafiti F. Herbert Bormann, Gene Likens na wenzao walianza kupima pia kile kilichoyeyuka ndani ya maji ya mvua na ya vijito.

Mwishoni mwa mwaka 1965 walikata miti yote kwenye bonde moja la hekta zipatazo 16, wakaiacha ilale palepale, kisha wakazuia mimea isichipue kwa dawa kwa miaka mitatu. Kijito kiliongezeka maji kwa karibu asilimia 40 katika mwaka wa kwanza. Hilo linafanana na Mbeya.

Lakini maji hayo hayakuondoka peke yake. Nitrati, ambayo ni chakula kikuu cha mimea, iliongezeka makumi ya mara kwenye kijito, na madini mengine kama kalisi yakasombwa nayo. Kwa lugha ya mkulima, mbolea ya miaka mingi ilikuwa inateremka mtoni kwa sababu hapakuwa na mizizi ya kuizuia. Anayevuna miti yake yote kwa siku moja na kuacha mlima mtupu hadi mvua za Novemba anapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kulaumu miche ya awamu ya pili kwa kudumaa.

Swali la kwanza: Mti umechukua nafasi ya nini?

Mkanganyiko mwingi kuhusu miti na maji huisha pale mtu anapouliza mlima ulikuwa na nini kabla ya kupandwa.

Kimakia, chini ya milima ya Aberdare nchini Kenya, watafiti wa EAAFRO waliondoa msitu wa mianzi na kupanda msindano. Miche ilipokuwa midogo maji yaliongezeka. Ilipokua na matawi kufungamana, matumizi yake ya maji yakawa takriban sawa na ya mianzi iliyokuwapo. Msitu ulichukua nafasi ya msitu, na daftari halikubadilika sana.

Nyasi zinapogeuzwa kuwa miti, habari ni nyingine. Mfano unaoeleweka kwa urahisi ni wa Mokobulaan, kwenye milima ya Mpumalanga, Afrika Kusini. Bonde moja la nyasi lilipandwa mkaratusi wa aina ya grandis mwaka 1969. Kijito chake kilikauka kabisa mwaka wa tisa. Bonde la jirani lilipandwa msindano wa patula mwaka 1971, na kijito chake kikakauka mwaka wa 12.

Mikaratusi ile ilikatwa ikiwa na umri wa miaka 16, lakini kijito hakikurudi msimu uliofuata. Ilichukua miaka mitano mingine hadi maji yakaanza kutiririka mwaka mzima. Miti ilikuwa imekunywa akiba ya zamani iliyoko chini sana, na ilibidi mvua za miaka kadhaa zirudishe deni hilo kwanza.

Msindano wa patula ndio uliojaa Sao Hill, shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, na kwenye mashamba mengi ya wananchi wa Mufindi, Njombe na Kilolo. Mikaratusi ya grandis nayo si mgeni. Na sehemu kubwa ya milima iliyopandwa ilikuwa ya nyasi.

Hii haina maana kwamba kila kijito cha Mufindi kitakauka mwaka wa tisa. Mvua, kina cha udongo na ukubwa wa eneo lililopandwa hutofautiana. Shamba la ekari mbili kwenye bonde la ekari mia moja halitahisiwa. Tatizo huanza pale kila mwenye ekari mbili anapofanya vivyo hivyo.

Afrika Kusini iliyachukua matokeo hayo hadi kwenye sheria. Sheria ya Maji ya nchi hiyo ya mwaka 1998 inalitaja shamba la miti ya biashara kama shughuli inayopunguza maji ya mto, na mwenye kulianzisha huomba kibali kama anayechota maji kwa mfereji.

Lawama za Ruaha

Kukosea katika hesabu hii kuna gharama, na wanaoilipa mara nyingi ni wadogo.

Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya milima ya Mbeya na sehemu ya Iringa kupitia bonde la Usangu, ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kila kiangazi kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990. Mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yako chini yake, na mgawo wa umeme wa miaka hiyo uliifanya habari ya mto huo kuwa ya taifa zima. Wakulima wa milimani walilaumiwa kwa kufyeka, wafugaji wa Usangu kwa mifugo yao. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 eneo la ardhi oevu likaingizwa kwenye hifadhi.

Mradi wa utafiti uliojulikana kama SMUWC, ulioanza mwaka 1998, ulipima maji hayo na kuona kuwa sababu kubwa ilikuwa mabanio ya umwagiliaji. Mifereji iliendelea kuchota maji kiangazi hata pale mpunga haukuwapo shambani. Tatizo kuu lilikuwa kwenye lango la mfereji, wakati macho ya wengi yalikuwa mlimani na kwenye mazizi.

Mwenye kinyungu leo yuko kwenye hali inayofanana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ililinda vyanzo vya maji kwa namna hiyohiyo. Hiyo ni kinga ya lazima. Lakini kijito kinapopungua, wa kwanza kuonekana ni mama mwenye tuta la mboga bondeni. Ekari 50 za mikaratusi zilizo juu yake, zikinywa usiku na mchana wa kiangazi kizima, huhesabiwa kuwa uhifadhi wa mazingira.

Hesabu ya kijiji

Kwa kuwa maji hayana bei kijijini, mpanda miti hayaandiki kwenye gharama zake. Huandika miche, vibarua, palizi na barabara za kuzuia moto. Gharama ya maji hubebwa na jirani aliye chini.

Chukua mfano wa hesabu tu, ambao kila kijiji kinaweza kuubadilisha kwa tarakimu zake. Mlima wa ekari 20 unalisha bonde lenye kaya 30 za vinyungu. Miti ikivunwa mwaka wa 12 kwa Sh milioni 4 kwa ekari, mapato ni Sh milioni 80.

Kila kaya bondeni, kwa mfano huo, hupata Sh 300,000 kila kiangazi. Kaya zote hupata Sh milioni 9. Maji yakikata kuanzia mwaka wa sita hadi wa 12, ni viangazi saba, sawa na Sh milioni 63. Faida ya kijiji kizima si Sh milioni 80 tena. Ni Sh milioni 17, kabla ya kutoa gharama za miche na palizi.

Maji yakipungua kwa nusu tu badala ya kukata, hasara ni Sh milioni 31.5, na miti bado inalipa vizuri. Kwa hiyo hesabu hii haisemi watu wasipande miti. Inasema bonde lipimwe kwanza, na kwamba wanaopata Sh milioni 80 huenda si wale wanaopoteza Sh milioni 63.

Kuna njia za kuifanya hesabu hiyo ilipe pande zote. Ya kwanza ni kuacha bonde lenyewe na kingo zake bila mikaratusi. Mti ulio karibu na maji hunywa bila kikomo kwa kuwa mizizi yake iko kisimani. Kwenye vyanzo, miti ya asili kama mivengi ndiyo inayofaa, nayo hushika udongo.

Ya pili ni kupanda miti ya biashara juu, mbali na vijito, hasa kwenye ardhi iliyochoka isiyofaa mahindi. Ya tatu ni kutojaza mlima mzima kwa mwaka mmoja. Mlima ukigawanywa vipande, vingine vikiwa vimevunwa karibuni, vingine vichanga na vingine vikubwa, kiu ya miti haiji yote kwa pamoja, na mapato nayo hayasubiri miaka 12.

Ya nne ni ya mkulima wa mazao. Makingamaji, matuta ya kufuata kontua, majani ya guatemala kwenye kingo za matuta na kuacha kuchoma mabaki ya mazao ndiyo yanayofungua mlango wa benki. Bila hayo, hata mlima usio na mti mmoja hautakuwa na maji Oktoba.

Ndoo na saa

Msitu wa Hubbard Brook umekuwa ukipimwa kwa zaidi ya miaka 60 mfululizo. Sampuli za vijito vyake zimechukuliwa kila wiki tangu mwaka 1963. Kwa sababu ya daftari hilo refu, Wamarekani waliweza kuonyesha kwamba mvua yao ilikuwa na tindikali kutokana na moshi wa viwanda na mitambo ya umeme, na ushahidi huo ulichangia sheria ya hewa safi ya nchi hiyo kuimarishwa mwaka 1990. Mwaka mmoja au miwili ya vipimo isingetosha. Mvua hupanda na kushuka, na mti hubadilika kadiri unavyokua.

Mbeya ilikuwa na daftari la miaka kumi, likafungwa. Kurasa ambazo zingeonyesha nini kilitokea mlima wa nyasi wa Nyanda za Juu Kusini ulipojaa misindano ndizo zinazohitajika sasa, na mabodi ya maji ya mabonde ya Rufiji, Rukwa na Ziwa Nyasa, pamoja na kituo cha utafiti cha Uyole, ndiyo majirani wa karibu wa kazi hiyo.

Hata hivyo, kijiji hakilazimiki kusubiri. Chemchemi yenye bomba inaweza kupimwa kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 30 kwa dakika, sawa na lita 43,200 kwa siku. Ikijaa kwa sekunde 80, maji yamepungua kwa nusu.

Kipimo hicho kifanyike siku moja ya kila mwezi, na kila wiki kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza. Kiandikwe kwenye daftari la kamati ya maji ya kijiji au jumuiya ya watumia maji, pamoja na mvua iliyokusanywa kwenye kipima mvua cha shule, na pembeni yake ekari za miti zilizopandwa na kuvunwa mlimani mwaka huo.

Miaka miwili ya kwanza daftari hilo halitasema mengi. Mwaka wa tano litaanza kusema. Mwaka wa kumi, mwekezaji atakapofika na kuomba ekari 100 juu ya chanzo, mwenyekiti wa kijiji atakuwa na kitu cha kumwonyesha zaidi ya maneno, na mwenye kinyungu hatalaumiwa kwa maji ambayo hakuyanywa.